Swali la Kumi na Tisa

Ipuli, Tabora
3 Februari 1972

Mdogo wangu Shomari,

Pokea salaam zetu. Mimi mzima, mama mzima isipokuwa goti, Minza na mtoto hawajambo. Barua yako ya Januari nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa furaha. Mara ya pili nikahesabu: kurasa tatu juu ya mashine, mstari mmoja juu ya mke wako. Minza alikunja karatasi akaitia kangani.

Nakuandikia kwa sababu ya baba yake. Jumamosi tarehe 29 nilikwenda Ipole kumwona mzee Lugembe. Nilimkuta nje, amekalia kigoda chake cha kuchongea mizinga, tumbo limepakwa samli, na nzi wametua juu ya samli wamenata. Unajua mimi na nzi. Nilimwamkia nikiwa nimeziba pua kwa ukaya wangu wa kichwani, na mpaka leo naona aibu. Amekonda mikono na shingo, lakini upande wa kulia chini ya mbavu amejaa. Homa humpanda kila jioni. Yote hayo nimeyaandika katika daftari langu kwa tarehe, kama ninavyofanya siku zote, kwa hiyo usiniambie baadaye kwamba nimechanganya.

Modest, mganga msaidizi wa zahanati ya kule, anataka kumchoma sindano ini lenyewe aone kilichomo. Shemeji zako wamekataa. Mkubwa wao alimwambia mbele yangu, "Mkwe wetu ana mashine Dar es Salaam, wewe unataka kumtoboa mzee kama gurudumu la baiskeli?" Watu wakacheka. Modest naye akacheka, lakini aliniambia pembeni, "Dada Batuli, sindano yangu haina cheo, lakini haikosei njia."

Wameamua aje kwako. Atapanda treni Jumanne pamoja na mwanawe mkubwa. Mpokee vizuri. Anakuheshimu kupita kiasi. Akisikia jina lako hukaa wima.

Dada yako,
Batuli


Dar es Salaam
22 Februari 1972

Dada Batuli,

Shikamoo. Natumaini goti la mama limepata nafuu na ninyi nyote ni wazima. Mimi mzima wa mwili. Mzee alifika salama, na leo nimemrudisha kwenye treni. Barua hii itamfuata nyuma, kwa hiyo soma kwanza peke yako.

Umelalamika juu ya mashine, lakini sina budi kukueleza, maana bila hiyo hutaelewa. Ini zima hudaka vumbi lililomo katika damu. Ndiyo kazi yake. Sisi tunamdunga mgonjwa vumbi la dhahabu yenye mionzi, laini mno kuonekana. Kisha mashine inapita juu ya tumbo, inakwenda na kurudi kama mtu anayepiga pasi, na kila inapohisi mionzi inagonga nukta kwenye karatasi. Mwisho unapata ini lililochorwa kwa nukta. Palipo na ugonjwa hapana nukta. Ni shimo tupu.

Lakini shimo halisemi ni la nini. Laweza kuwa saratani, laweza kuwa jipu. Ndiyo maana Profesa, Mzungu anayeongoza kazi hii hapa hospitalini, analeta dawa ya pili, galiamu, kwa ndege ya kila Jumanne. Hiyo hupenda saratani. Ikiwaka ndani ya shimo, jibu limepatikana bila kisu. Ila haingoji mtu: kila baada ya siku tatu na saa chache nusu ya nguvu yake imekufa. Ndege ikichelewa, tunabaki na maji. Profesa anataka wagonjwa kumi na mmoja wa bara, kwa sababu saratani ya ini ni nyingi kwenu, kisha ataandika taarifa juu ya dawa hiyo. Mzee ni namba saba.

Kila mgonjwa ana fomu ya maswali arobaini na mawili, kwa Kiingereza. Mimi ndiye ninayetafsiri na kujaza. Ya mzee niliijaza mwenyewe kwa uangalifu.

Dada, shimo la mzee ni kubwa kama ngumi, na liliwaka lote. Profesa alinishika bega akasema hajaona picha safi kama ile. Nilifurahi kabla ya kukumbuka picha ni ya nani.

Haina dawa. Miezi mitatu, labda minne. Mpeni anachotaka kula. Waambie wazee wa kiume kwanza, na Minza mwambie wewe.

Mdogo wako,
Shomari


Ipuli, Tabora
12 Machi 1972

Mdogo wangu Shomari,

Salaam. Sisi tupo. Mama anakuombea. Minza nilimwambia tarehe 26, jikoni, na hakulia mpaka mchele ulipoiva.

Mzee amekwishaambiwa, kwa sababu Ipole hakuna siri inayopita siku mbili. Ameanza kugawa mizinga yake. Amewapanga wanawe, anawatajia miti mmoja mmoja msituni, mzinga upi una nyuki wakali, upi umehamwa. Anafanya hivyo huku amejishika ubavu. Mimi niliandika orodha, maana nilikuwa peke yangu mwenye kalamu.

Watani nao hawakungoja afe. Yule Mzaramo wa reli, ambaye babu zake na wetu walitaniana tangu siku za misafara, alikuja na kamba akampima urefu wa kaburi akiwa hai.

"Lugembe, urefu wote huu wa nini? Tutakukunja."

"Nikunjeni," mzee akasema, "bora miguu ielekee kwenu pwani, niwapige mateke."

"Tena tumesikia umedungwa dhahabu. Tukikuzika leo, kesho tunachimba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Watu walicheka. Walikula pia, Shomari. Walikula kuku watano wa mgonjwa na kufuta mikono ukutani. Mimi nilikaa nikitazama alama za mafuta ukutani na matumbo yao yaliyojaa, na karibu yao lile tumbo moja lililojaa kitu kingine, nikashindwa kumeza. Ninajua utani ni heshima. Lakini siku ile ulinichefua.

Modest alikuwepo. Hakula. Aliniuliza, "Kwenye karatasi ya Dar wameandika kama aliwahi kuharisha damu?" Nikamwambia sijui. Nakuuliza wewe.

Dada yako,
Batuli


Ipuli, Tabora
4 Aprili 1972

Shomari,

Salaam. Hukujibu swali langu, kwa hiyo limejibiwa huku.

Alhamisi tarehe 30 Machi saa tatu asubuhi homa ilimzidi mzee, ngozi ya ubavu ikawa nyekundu na kung'aa kama embe linalotaka kupasuka. Modest aliwaambia shemeji zako, "Mmesema atakufa. Basi sindano yangu itamharibia nini?" Wakampisha. Mimi nilishika beseni.

Ulitoka usaha wa chupa mbili na nusu. Nilipima. Rangi yake ilikuwa ya asali ya chini kabisa ya mzinga, ile nzito yenye nta na nyuki waliokufa. Nilikuwa nimejikaza kwa ajili ya harufu. Haukunuka. Usaha mwingi namna ile, wa vuguvugu, unaoteremka taratibu kwenye beseni, usionuke kitu! Hicho ndicho kilichonitoa nje mbio. Nilitapika nyuma ya zahanati. Tangu siku ile chupa ya asali iliyoko mezani kwetu nimeigeuzia ukutani.

Lilikuwa jipu. Jipu la amiba. Ugonjwa wa kuharisha ulioachwa ukapanda mpaka ini. Modest amemchoma sindano za emetini, na jana, siku ya nne, mzee aliomba ugali, akalalamika kwamba umepikwa kama wa wagonjwa.

Kisha Modest akamwuliza mbele yangu kama aliwahi kuharisha damu. Mzee akasema, "Mwezi wa kumi na moja, wiki mbili. Nilidhani nitaacha utumbo porini." Modest akauliza, "Dar hawakukuuliza?" Mzee akamtazama kama mtu asiye na adabu. "Aniulize nani? Mkwe wangu? Angeniulizaje?"

Umeniandikia kwamba fomu uliijaza mwenyewe kwa uangalifu. Niambie ulijaza nini.

Batuli


Dar es Salaam
30 Aprili 1972

Dada yangu Batuli,

Shikamoo. Nimeshukuru mno kusikia mzee anaendelea vizuri. Nampelekea shati na shuka, vitafika kwa mkono wa mtu wa reli. Mpe mama salaam, na Minza pia.

Dada, ni swali la kumi na tisa. "Je, mgonjwa amewahi kuharisha damu katika mwaka uliopita?" Mzee alikuwa amelala kitandani bila shati, macho ameyaelekeza dirishani ili asinitazame, nami nimesimama kwa ubavu ili nisimtazame yeye. Unajua nilivyo naye. Tukikutana njiani mimi huingia majanini apite. Sijapata kula naye sahani moja. Profesa yuko kando na saa mkononi, maana dawa inakufa. Ningetamka vipi neno lile kwa baba wa mke wangu? Niliangalia karatasi kidogo, nikaandika "Hapana."

Ningejua kwamba jibu lile lina uzito ningetafuta njia. Utaratibu ni kwamba anayesema "Ndiyo" huchomwa sindano kwanza, asihukumiwe kwa picha. Hilo nalijua. Lakini niliamini picha ingeonyesha ukweli hata nikikosea mimi. Ndiyo kazi ya dawa ile. Sasa inaonekana galiamu hukimbilia usaha pia, kama inavyokimbilia saratani.

Nilimwambia Profesa kwamba mzee amepona. Alisema fomu ya namba saba ina kasoro, kwa hiyo namba saba aondolewe. Taarifa imekwishapelekwa. Wamebaki kumi, na kumi kati ya kumi ni sawa.

Nakuomba jambo hili tulimalize. Mzee yu hai, na hilo ndilo kubwa. Nimepata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya, miaka mitatu, kutengeneza dawa hizi mwenyewe. Ndege ni tarehe 28 Septemba. Nikirudi nitatengeneza iliyo bora.

Mdogo wako akupendaye,
Shomari


Ipuli, Tabora
11 Mei 1972

Shomari,

Sisi wazima. Mzee Lugembe amelivaa shati lako na amekusifu, na nilitaka kumvua.

Mimi ni karani wa kumbukumbu za hospitali. Miaka kumi na moja sasa. Kila mgonjwa anayeingia nampa namba, na namba hiyo haifi hata mwenyewe akifa. Siku moja mganga mkubwa aliniomba nichane ukurasa wa mama aliyefia mlangoni bila kuonwa. Nilikataa. Alinifokea, nikaacha kalamu juu ya meza, nikakaa. Ukurasa upo mpaka leo. Wewe unaniandikia kwa mwandiko mzuri kwamba mtu amepona, kwa hiyo ameondolewa. Nimekusoma mara tatu kuona kama ulitania.

Kumi kati ya kumi ni sawa. Nani aliyewafungua hao kumi akaona? Mliwapandisha treni mkawarudisha kwao wafe. Aliyekufa kwa saratani na aliyekufa kwa jipu, wote wawili wamekufa kama mlivyosema. Hiyo ndiyo sawa yenu.

Nilipokuwa nikiandika haya nimesimama nikanawa mikono. Sijui kwa nini. Karatasi yako ni safi.

Sasa nijibu jambo moja bila kuzungukazunguka. Hao kumi, swali la kumi na tisa uliwauliza wangapi? Uliwauliza wanawake walio sawa na mama yetu? Uliwauliza wazee waliokuamkia kwa jina la babu yako? Nipe majina na vijiji. Sitaki shuka, nataka majina.

Batuli


Ipuli, Tabora
20 Juni 1972

Shomari,

Wiki tano na siku tano hujanijibu. Basi soma hii.

Jumamosi tarehe 17, saa nne na robo asubuhi, waliingiza mama mmoja kwenye machela ya miti, kutoka upande wa Nzega. Nilikuwa mezani kwangu. Jina, nikauliza. Paskazia. Umri, hawajui, mvi tupu. Ugonjwa? Mwanawe akasema, "Saratani, tulishaambiwa Dar, hatukuja kutibiwa, ila usiku ameanza kutapika kitu tukaogopa."

Kile kitu kilikuwa kwenye kanga, kwenye nywele zake, kwenye machela, na kilipodondoka sakafuni kwangu nilikitambua kabla ya daktari. Ile ile rangi. Jipu lilikuwa limepasuka ndani, likatoboa mpaka kifuani. Mama yule alikuwa analikohoa ini lake mwenyewe kwa mafunda. Akajaribu kulifuta kwa kiganja, kwa sababu aliona haya kunichafulia sakafu. Aliniambia, "Nisamehe mwanangu." Saa sita na dakika ishirini alikufa.

Katika kikapu chake mlikuwa na kadi. Namba nne. Mwandiko wako. Nyuma umeandika kwa Kiswahili, "Mama apumzike nyumbani, apewe anachopenda."

Mwanawe aliniuliza kwa nini nimesimama na kadi muda wote ule. Nilishindwa kumwambia kwamba aliyeiandika nilimfundisha mimi kushika kalamu.

Sakafu nimeisugua mwenyewe. Sikumwachia mfagizi.

Hujanipa majina. Nakuuliza kwa mara ya mwisho.

Batuli


Dar es Salaam
3 Julai 1972

Dada,

Shikamoo. Mama Paskazia namkumbuka. Hakuniamkia kwa jina la babu. Aliniita "baba", kwa kuwa nilivaa koti jeupe, na alipolala aliomba nigeuke ndipo afunguliwe kanga. Niligeuka. Nilijaza fomu nikiwa nimegeuka.

Karatasi ya pili ina majina tisa, vijiji vyao, na namba zao. Mbele ya kila jina nimeandika "Niliuliza" au "Sikuuliza". Utaona "Niliuliza" ziko tatu, na zote ni za vijana wa kiume wa rika langu. Kabati la mafaili lina kufuli. Ufunguo niliuchukua Ijumaa Profesa alipokwenda kula.

Nilimwambia pia. Nilimwambia yote, la Paskazia na la kugeuka. Alisikiliza mpaka mwisho kwa utulivu, kisha akasema kosa ni la mfasiri, si la dawa, na mfasiri mwenye akili hutumia kosa lake kusoma zaidi. Akaniambia safari yangu haijaguswa. Akaniomba nimwangalizie kama chai imeiva. Nilimletea chai, dada. Nilishika kile kikombe na sahani yake mpaka mezani kwake, nikaweka na sukari.

Fanyeni haraka. Wengine walipigwa picha tangu mwaka jana.

Shomari


Ipuli, Tabora
10 Septemba 1972

Mdogo wangu Shomari,

Salaam. Mama ameanza kutembea bila fimbo. Mzee Lugembe alikwenda msituni tarehe 2 kutazama mizinga, na sasa anagombana na wanawe kwa sababu hawataki kuirudisha. Yule Mzaramo anadai mzee amemdhulumu kamba.

Daktari wetu aliposoma orodha yako alifunga mlango wa ofisi. Kisha alimwandikia barua mganga mkuu wa mkoa, akampa Modest ruhusa na mimi likizo ya wiki nne. Tumekwenda kwa basi, kwa lori la tumbaku, na kwa baiskeli penye mchanga. Haya ndiyo niliyoandika.

Wanne wamekwisha kuzikwa. Wawili kati yao ni wa "Sikuuliza". Jamaa zao hawajui walizika nini, nasi hatukuwaambia. Nilikaa katika nyumba hizo nikanywa uji niliopewa, huku watu wakinishukuru kwa kuja kutoa pole, na kila funda lilinipanda tena kooni.

Watatu walikuja hospitali, sindano ikatoa damu tu. Ni saratani kweli. Dawa yenu iliwaambia ukweli, nami naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Mmoja, mama wa Sikonge, alikuwa na usaha. Yu hai. Anakula.

Amebaki namba kumi na moja, mzee Shaban. Nyumbani kwake tulikuta uwanja mtupu, nyumba zimeezuliwa. Walihamia kijiji cha ujamaa ng'ambo ya Ndono, kando ya njia ya zamani ya misafara ya Ujiji. Tulimpata juzi. Amevimba vile vile, homa vile vile. Modest anasema pengine klorokwini anazomeza kila homa ikipanda ndizo zimemweka mpaka leo, kama ni jipu, maana dawa hiyo huipunguza nguvu amiba pia. Kama si jipu hajui. Hawezi kujua bila sindano, na mzee amekataa sindano.

Tulibishana naye saa nzima. "Mashine ilinitazama mpaka ndani," alisema. "Ninyi mna nini? Sindano ya ng'ombe na karani wa kike." Nilimwambia kwamba karatasi ilijazwa vibaya. Akauliza ni nani aliyeijaza. Nikasema ni mdogo wangu. Akacheka. "Yule kijana mpole? Yule aliyenishika mkono? Mwongo wewe. Akiniambia mwenyewe kwamba aliandika uongo, mbele ya uso wangu, nitalala mnitoboe kama chujio. Bila hivyo niacheni nife kwa amani, nimekwisha kuaga watu."

Nilimsomea barua yako. Akasema karatasi ndizo zilizomfikisha hapo.

Kwa hiyo ni wewe. Hatuna njia nyingine. Najua tarehe ya ndege, niliiandika katika daftari siku uliyoniambia. Modest, ambaye anangoja hapa kwetu Ipuli, anampa wiki tatu, labda pungufu. Treni unazijua. Sitakubembeleza. Tangu Aprili nikifungua barua zako huzishika kwa ncha za vidole, na sitaki kuendelea hivyo na mtoto wa mama yangu.

Dada yako,
Batuli


Ng'ambo ya Ndono
Alhamisi, 28 Septemba 1972

Dada Batuli,

Shikamoo. Anayekuletea barua hii ni Swaumu, binti wa mzee Shaban. Amepanda baiskeli na hataki kupumzika, kwa hiyo mpe maji hata akikataa. Samahani sikupitia Ipuli. Nilishuka kwenye treni alfajiri, nikaona nikimwona mama au Minza kwanza nitakaa.

Nilifika hapa saa tano kwa lori la ushirika. Nyumba ni mpya, zimepangwa mistari, udongo bado unatoa maji. Mzee alikuwa kitandani. Alinitambua kwa sauti. Akataka nikae, nikasema nitasimama.

Nilimwambia. Nilisema, "Babu, katika karatasi yako kuna swali sikukuuliza. Niliandika jibu kutoka kichwani mwangu kwa sababu niliona haya." Watu walikuwa wamejaa mlangoni, wanawe, wakwe zake, mwenyekiti wa kijiji. Nikadhani ataomba watoke. Hakuomba.

"Ulinionea haya mimi?"

"Ndiyo, babu."

"Swali gani hilo?"

Nikauliza. Nilitamka yote, choo na damu, mbele ya wakwe zake wa kike. Mwenyekiti akatazama chini. Mzee akaanza kucheka, na kucheka kulimuuma, akajishika.

"Damu? Mwezi mzima, kabla ya Ramadhani ya mwaka jana. Nilikuwa natoka nje mara ishirini. Hawa wote wanajua, muulize yeyote hapo mlangoni. Kijiji kizima kinajua, mwanangu, ila wewe na Wazungu wako."

Halafu akaacha kucheka, akanitazama muda mrefu, akatema mate chini kando ya kitanda. Karibu na kiatu changu. Sikusogea. Akasema, "Haya. Mwite huyo wa sindano. Lakini wewe ndiye utakayeshika beseni."

Nitashika. Tangu mchana nimemwosha na kumgeuza, na sasa najua uliyokuwa ukiniandikia. Lililonichafua tumbo si yeye. Ni mikono yangu, ilivyo laini.

Ndege ilikuwa saa nane. Sasa ni saa kumi. Mwambie Modest aje leo hii, na aje na sindano ile nene, maana ngozi ya ubavu imeanza kung'aa.

Mdogo wako,
Shomari